STARFIELD: Sayari 1,000 wametoa, safari wameiacha wapi?

Leo naomba siasa tuiweke pembeni kidogo tuzungumzie gemu. Najua wapo watakaosema magemu ni mambo ya watoto. Mwenye mawazo hayo asome kwanza mpaka mwisho, maana hapa tunaongelea kampuni iliyonunuliwa kwa dola bilioni 7.5, ahadi iliyozungushwa dunia nzima kwa miaka mitano, na vijana waliolipa pesa zao kabla hawajauona mzigo wenyewe. Hayo si mambo ya watoto hata kidogo.

Gemu lenyewe ni Starfield. Swali ni fupi: lilifikia matarajio, au jamaa walichemsha?

Ubishi huu nimeukuta mara nyingi kwenye vibanda vya gemu, na karibu kila mara unaishia kwenye kelele. Mmoja anasema bomba, mwingine anasema kimeo, na wote wawili wameangalia video za YouTube tu. Mimi nililicheza kwa vipindi kwenye mashine ya binamu yangu aliyeko Mwanza, kwa hiyo naomba nilichambue taratibu, halafu mtanipinga hapo chini kwenye maoni.

AHADI ZILIKUWA ZIPI?

Huwezi kusema mtu amevunja ahadi kama hujui aliahidi nini. Tuanzie hapo.

Bethesda Game Studios ni kampuni ya Maryland, Marekani. Ndio waliotoa Skyrim mwaka 2011 na Fallout 4 mwaka 2015. Magemu yao ni yale ya kuvaa uhusika: unachagua wewe ni nani, una ujuzi gani, unajiunga na kundi lipi, halafu unaachiwa dunia nzima uzurure utakavyo. Juni 2018 walitangaza Starfield kwa kipande kifupi cha video ambacho hakikuonyesha karibu kitu chochote. Jina, anga, basi. Lakini kwa sababu ni wao, watu wakaanza kusubiri.

Septemba 2020 Microsoft wakatangaza kwamba wanainunua ZeniMax Media, kampuni mama ya Bethesda, kwa dola bilioni 7.5. Ununuzi ukakamilika Machi 2021. Kuanzia hapo Starfield halikuwa tena gemu la kawaida. Likawa silaha ya Microsoft dhidi ya PlayStation, maana lilipotoka lilikuwa la Xbox Series X na S pamoja na kompyuta za Windows tu.

Juni 2021 wakataja tarehe: 11 Novemba 2022, miaka 11 kamili tangu Skyrim itoke. Mei 2022 wakaahirisha. Mwezi uliofuata Todd Howard, kiongozi wa mradi, akasimama na kutaja namba ambayo kila mtu aliikariri: sayari zaidi ya 1,000, ndani ya mifumo ya nyota zaidi ya 100. Yeye mwenyewe aliwahi kulifananisha gemu hili na Skyrim ya angani. Hatimaye mzigo ukatoka tarehe 6 Septemba 2023 kwa dola 69.99. Waliolipa dola 99.99 waliruhusiwa kuanza tarehe 1 Septemba. Yaani kuna watu waliongeza dola 30 kwa kiasi kikubwa ili wawahi siku tano!

Sasa angalieni ahadi hizi ni za aina mbili. Kuna ahadi za kuhesabika: sayari ngapi, mifumo mingapi, tarehe gani. Na kuna ahadi isiyohesabika: kwamba utajisikia kama ulivyojisikia kwenye Skyrim, ila sasa uko angani. Zishikeni hizo mbili, maana uchambuzi wangu wote uko hapo.

WALICHOTIMIZA

Tuwe waungwana. Hawa jamaa hawakuuza hewa.

Sayari na miezi unayoweza kutua ipo, na inazidi 1,000 kama walivyosema. Hadithi iko mwaka 2330. Binadamu wameihama Dunia na kutawanyika kwenye nyota nyingine. Kuna serikali mbili kubwa, United Colonies na Freestar Collective, na kuna kikundi kidogo cha wapelelezi wa anga kinachoitwa Constellation, ambacho wewe unajiunga nacho kutafuta vipande vya ajabu vya chuma visivyojulikana vilitoka wapi. Miji mikubwa kama New Atlantis, Akila City na Neon imetengenezwa kwa mkono na inaonekana.

Kuunda chombo chako cha anga ni kazi tamu kuliko vyote. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Humu unaunda mwenyewe: injini, kinga, silaha, vyumba vya ndani, kipande kwa kipande. Ukikosea uzito, chombo kinageuka polepole kama lori la ndizi kwenye mlima. Nimeona watu mtandaoni ambao hawachezi hadithi kabisa, wanaunda vyombo tu, na wameridhika.

Hadithi za makundi nazo zina nguvu. Ile ya UC Vanguard, ya kupambana na viumbe hatari wanaoitwa Terrormorph, ina mambo ya historia ya vita na siri za serikali ambayo yanakufanya ufikirie. Ile ya maharamia wa Crimson Fleet inakuweka katikati: unatumwa kama jasusi, na mwisho unaamua mwenyewe uwasaliti nani. Kuna kazi nyingine inaitwa Entangled, ndani ya maabara iliyopasuka kati ya uhalisia wa aina mbili. Upande mmoja ajali imetokea na watu wamekufa, upande wa pili wako hai. Unaruka huku na kule, na uamuzi wa mwisho unauma. Hiyo peke yake ni kiwango cha juu.

Na wale wanaokumbuka magemu ya nyuma ya Bethesda, yaliyokuwa yamejaa hitilafu za kuchekesha, watakubali kwamba Starfield lilitoka likiwa safi kuliko ilivyozoeleka kwao.

Kwa hiyo kwenye ahadi za kuhesabika, ukiondoa ile tarehe, walilipa deni.

WALIPOCHEMSHA

Tatizo ni ile ahadi ya pili.

Niwaulize wadau wa huku kwetu. Ukitoka Nshamba kwenda Bukoba mjini, safari ni nini? Unashuka Muleba, unabadilisha gari, unapita Muhutwe, unapita Kemondo unaliona ziwa. Njiani unakutana na mtu uliyesoma naye, unanunua mahindi dirishani, unaona ajali, unasikia habari. Wakati mwingine unashuka kabla hujafika kwa sababu umeona jambo. Ukifika Bukoba tayari una hadithi tatu.

Skyrim lilikuwa hivyo hivyo. Unaelekea mlimani, unaona moshi pembeni, unakata kushoto kuangalia. Saa mbili baadaye umesahau ulikuwa unaenda wapi. Utamu wote wa Skyrim ulikuwa njiani.

Sasa Starfield: mtu anakufunika shuka Nshamba, anakufunua stendi ya Bukoba. Basi. Unafungua ramani, unachagua nyota, skrini inakuwa nyeusi, umefika. Unachagua sehemu ya kutua, skrini nyeusi tena, umetua. Ukiingia kwenye chombo, skrini. Ukiingia kwenye baadhi ya maduka, skrini. Gemu la safari za anga, lakini safari yenyewe ndiyo iliyokatwa! Lilivyotoka 2023, hukuweza kuondoka juu ya sayari kwa mkono wako, ukapaa mpaka angani, ukaenda kutua sayari nyingine bila menyu kuingia katikati.

Tatizo la pili ni marudio. Sayari 1,000 hakuna kampuni inayoweza kuzichora kwa mkono. Kwa hiyo ardhi inazalishwa na kompyuta kwa kanuni: milima hii, mawe yale, rangi hii. Juu ya ardhi hiyo kompyuta inapachika majengo yaliyotengenezwa na watu: mgodi uliotelekezwa, kituo cha utafiti, ngome ya majambazi. Njia hii si mbaya yenyewe. Ubaya unakuja pale majengo yanapokuwa machache na sayari zikawa nyingi. Unatua sayari ya mbali kabisa, unakuta maabara ya barafu iliyotelekezwa. Unaichunguza, unasoma barua ya marehemu, unasikitika. Baada ya muda unatua sayari nyingine, mfumo mwingine wa nyota, unakuta maabara ile ile, maiti ile ile imelala pale pale, barua ile ile mezani. Siku hiyo kitu fulani kinakufa moyoni. Kuanzia hapo unajua kwamba kusafiri mbali zaidi hakutakupa kitu kipya.

Tatizo la tatu ni utupu. Hapa naomba tuwe makini, maana Howard alisema kabla ya gemu kutoka kwamba takriban asilimia 10 tu ya sayari ndizo zingekuwa na uhai. Alisema! Lakini watu walisikia 1,000, hawakusikia asilimia 10. Ukipiga hesabu ndogo, zaidi ya sayari 900 zilitarajiwa kuwa mawe na vumbi. Sayari ambayo ni mawe matupu ni ukweli wa kisayansi, hata Mwezi wetu uko hivyo. Ila kwenye gemu lililotoka bila gari la kuendesha ardhini, ulikuwa unatembea kwa mguu dakika nyingi, pumzi ikikatika kwa sababu oksijeni imepungua, kwenda kuona jengo ulilokwisha kuliona.

Novemba 2023 wafanyakazi wa Bethesda walianza kujibu malalamiko ya wateja kwenye duka la Steam. Moja ya majibu yao lilikuwa kwamba wanaanga waliokwenda Mwezini walikuta hakuna kitu, na hata hivyo hawakuchoshwa. Jamani! Mwanaanga alikuwa ameweka roho yake rehani na dunia nzima inamtazama. Sisi tumekaa kwenye kiti tuna padi mkononi. Jibu lile liliwaudhi watu kuliko gemu lenyewe.

Na kwa taarifa ya wana Kagera: Dunia ipo kwenye gemu, unaweza kutua. Lakini imekuwa jangwa, hakuna ziwa wala bahari wala mgomba mmoja. Ukitafuta Nshamba utakuta mchanga.

NAMBA ZINASEMA NINI?

Mashabiki wa Starfield huwa wanaleta namba moja mezani: ndani ya mwezi ule ule wa Septemba 2023, wachezaji walizidi milioni 10. Namba ni ya kweli, lakini tuisome vizuri. Wachezaji si wanunuzi. Gemu lilikuwemo tangu siku ya kwanza ndani ya Game Pass, ile huduma ya Microsoft ya kulipa kwa mwezi na kucheza magemu mengi. Mtu aliyelijaribu nusu saa na kulifuta naye yumo kwenye hiyo milioni 10. Kwa hiyo namba hiyo inaonyesha hamu ilikuwa kubwa kiasi gani. Haionyeshi kama hamu hiyo ilikatwa.

Wanaopinga nao wanaleta ya kwao: maoni ya wateja kwenye Steam. Gemu lilianza vizuri, halafu kadiri miezi ilivyokwenda maoni yakageuka kuwa mchanganyiko, na mwisho wa 2023 yale mapya yakawa hasi kwa sehemu kubwa. Lakini wakosoaji wa kulipwa walilipa wastani wa zaidi ya alama 80 kwa 100. Ingawa hata kati yao, IGN na GameSpot walitoa 7 kwa 10 tu.

Inawezekanaje wakosoaji waseme 80 na wateja wanune? Kwa mtazamo wangu hakuna anayedanganya. Mkosoaji anapewa gemu kwa muda mfupi kabla halijatoka, anakimbiza hadithi kuu na kazi kubwa kubwa, ambazo ndizo nzuri. Mteja anakaa nalo miezi. Starfield ni gemu linalopendeza saa 20 za mwanzo na kuchosha baadaye, kwa sababu marudio huwezi kuyaona mpaka urudie. Zaidi ya hapo, hadithi yenyewe ukiimaliza inakualika uanze upya kwenye ulimwengu mwingine sambamba. Wazo zuri sana kwenye karatasi. Lakini unamwalikaje mgeni kurudia chakula ambacho tayari kimemkinai?

Halafu kulikuwa na bahati mbaya ya majirani. Baldur's Gate 3 la Larian Studios lilitoka kwenye kompyuta tarehe 3 Agosti 2023, mwezi mmoja tu kabla. Hilo halina sayari hata moja, lakini kila kona yake imeandikwa na mtu, na uamuzi wako wa leo unakurudia baada ya saa 40. Kwenye tuzo za The Game Awards Desemba 2023, Starfield liliteuliwa kwenye kipengele kimoja tu, cha gemu bora la kuvaa uhusika, na likakosa. Baldur's Gate 3 likachukua kipengele hicho na tuzo ya gemu bora la mwaka. Kichekesho ni kwamba kwenye tuzo za Steam, ambazo wapiga kura ni wateja wenyewe, Starfield lilishinda kwa ubunifu wa uchezaji. Watu wengi waliamini kura ile ilikuwa dhihaka. Mimi nawaachia muamue.

WALIVYOJARIBU KUREKEBISHA

Mei 2024 walileta ramani za miji zinazosomeka, kitu ambacho kilipaswa kuwemo siku ya kwanza. Agosti 2024 wakaleta gari la kuendesha ardhini, linaitwa Rev-8, bure. Hongera zao. Ila katikati ya hapo, Juni 2024, walianza kuuza kazi moja fupi kwa thamani ya dola 7, na watu wakawaka moto. Tarehe 30 Septemba 2024 ikatoka nyongeza kubwa inaitwa Shattered Space, dola 29.99.

Nyongeza hii ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Safari hii hawakutangaza mamia ya sayari. Walitengeneza sehemu moja, kwenye sayari moja inayoitwa Va'ruun'kai, kwa mkono. Yaani wao wenyewe kwa vitendo walionyesha wamesikia kilio. Bahati mbaya wateja wa Steam waliipokea vibaya nayo. Walilalamikia urefu wake, bei yake, na kwamba uchezaji haukubadilika.

Watu hupenda kutaja No Man's Sky kama mfano wa matumaini. Lile ni gemu la Hello Games, kikundi kidogo cha Guildford, Uingereza. Lilitoka Agosti 2016 na likatukanwa vibaya, kwa sababu mambo mengi yaliyoahidiwa hayakuwemo. Jamaa wakafunga mdomo, wakafanya kazi, wakatoa maboresho bure mwaka baada ya mwaka mpaka jina lao likasafishika. Cyberpunk 2077 nalo lilitoka bovu Desemba 2020 hadi Sony wakaliondoa kwenye duka lao kwa muda, na kufikia 2023 lilikuwa linasifiwa.

Lakini tusichanganye magonjwa. No Man's Sky lilikosa vitu, na vitu huongezwa. Cyberpunk lilikuwa na hitilafu, na hitilafu hurekebishwa. Ugonjwa wa Starfield uko kwenye msingi wa nyumba: dunia imekatwa vipande vipande vinavyounganishwa na menyu, na kanuni ya kupachika majengo yale yale. Bati ukibadilisha ni siku moja. Msingi ukitaka kubadilisha, lazima watu watoke kwanza.

SISI INATUHUSU NINI?

Inatuhusu sana, na kwa mifuko yetu.

Angalieni vigezo vya chini kabisa walivyotangaza: RAM ya GB 16, kadi ya video ya ngazi ya GTX 1070 Ti au Radeon RX 5700, na nafasi ya GB 125 kwenye diski ya SSD, sio ile diski ya kawaida. Mashine za kafe nyingi tunazokaa hazifiki hata nusu. Tupige hesabu ya kijijini. Dola 69.99, kwa kiwango cha takriban Sh 2,500 kwa dola cha mwaka 2023, ni karibu Sh 175,000. Sasa shusha GB 125. Tuseme umepata kifurushi kizuri, GB moja kwa Sh 2,000. Hiyo ni Sh 250,000! Kulishusha tu kunazidi bei ya gemu. Jumla Sh 425,000, na kompyuta yenyewe hujanunua.

Kwa hiyo kijana wa Ulaya akikosea kununua anapoteza mshiko wa siku moja, anafuta, anaendelea na maisha. Kijana wa Muleba akikosea anapoteza akiba ya miezi. Ndiyo maana sisi ndio tunaopaswa kuwa wagumu zaidi kwa matangazo, na sio kushabikia tu kwa sababu video ni nzuri. Kwetu kulipia gemu kabla halijatoka ni sawa na kulipia kahawa ya mtu ikiwa bado ua mtini.

La pili ni kwa wale mnaota kutengeneza magemu. Msiseme anga si mambo yetu. Mwaka 2015 pale Nairobi Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, gemu la kupiga risasi la 3D ambalo viumbe kutoka anga nyingine wanauvamia mji wa Nairobi. Hakuahidi sayari 1,000. Alichukua mji mmoja anaoufahamu.

Na kabla ya hapo, wangapi mnajua kwamba satelaiti ilirushwa pwani yetu ya Uswahilini? Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya Marekani. Kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo, kwa Kiswahili. Ilikuwa na kazi moja tu: kuzunguka na kutafuta vyanzo vya miale ya eksirei angani. Ikaifanya kazi hiyo vizuri mpaka ikaacha orodha ya vyanzo 339, na ilisaidia kuwaonyesha wanasayansi kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 kinaweza kuwa shimo jeusi. Chombo kimoja, kazi moja, imefanywa kikamilifu. Zaidi ya miaka 50 baadaye bado jina lake liko kwenye vitabu vya elimu ya nyota. Wangeambiwa wapime kila kitu angani kwa wakati mmoja, sidhani kama tungekuwa tunaikumbuka.

Mtaka yote hukosa yote. Naona ndilo somo ambalo Bethesda wamelinunua kwa bei kubwa.

HUKUMU YANGU

Je, Starfield lilifikia matarajio? Jibu langu: lilifikia tangazo, halikufikia matarajio. Kila namba waliyoitangaza unaweza kuikuta ndani. Ila hakuna aliyesubiri miaka mitano kwa ajili ya namba. Watu walisubiri kuzurura na kushangazwa, na mtu hawezi kushangazwa na maabara ile ile mara ya nne. Sio gemu bovu. Likiwa ni la kuazima kwa mtu, au umepata Game Pass ya bei nafuu, cheza zile hadithi za makundi, unda chombo chako, fanya ile kazi ya Entangled, halafu liache ukiwa bado unalipenda. Lakini kwa Sh 425,000 ya mtu wa Nshamba? Hapana, ndugu yangu.

Na kwa gemu kubwa lijalo, lolote lile, nashauri maswali matatu kabla ya kutoa mshiko. Kwanza, wanachokitangaza ni namba au ni kitu utakachokifanya? Namba peke yake haichezeki. Pili, wameonyesha mtu akicheza mfululizo dakika 20 bila kukata video? Wakikata kata, ujue kuna kitu kimefichwa kwenye yale mapengo. Starfield skrini zake nyeusi zilikuwa ndani ya mapengo hayo. Tatu, walioanza kulicheza wanasemaje baada ya miezi mitatu, sio baada ya siku tatu? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gemu zuri litakuwepo tu hata mwakani, na litakuwa limeshuka bei.

Wadau mliolicheza mpaka mwisho, najua mpo, hasa ninyi mlioko Dar na Mwanza na wale wa Majuu: semeni hapo chini. Kama kuna anayeona sayari tupu ndio raha yenyewe, aje na hoja, tutamsikiliza. Matusi hapana.

Naomba kuwasilisha.